Bado Mmoja

Kuna swali nimekuwa nikilizungusha kichwani kwa muda. Kabla ya upendo, kabla ya haki, kabla hata ya salamu, ni kitu gani cha kwanza kabisa ambacho binadamu anamdai binadamu mwenzake? Wengine watasema heshima. Wengine watasema chakula. Mimi siku hizi nasema: kuhesabiwa. Yaani kuwe na mtu, mahali fulani, ambaye nikikosekana atajua kwamba nimekosekana, na hataondoka.

Jibu hili sikulitoa kwa mwanafalsafa. Nililitoa kwenye ubao mweupe uliofungwa kwa kamba nyuma ya boti.

Huko Misri, kwenye Bahari ya Shamu, kuna biashara kubwa ya boti za kulala kwa watu wanaopiga mbizi. Boti inaondoka bandari kama Hurghada ikiwa na wageni 20 hivi, na kwa wiki nzima hamkanyagi nchi kavu. Mnalala humo, mnakula humo, na kila siku mnaingia majini mara 3 au 4. Boti inasafiri usiku, asubuhi mnaamka mko kwenye mwamba mwingine: Brothers, Daedalus, Elphinstone. Au mnaamka juu ya Thistlegorm, meli ya mizigo ya Waingereza iliyolipuliwa na ndege za Ujerumani Oktoba 1941, ambayo mpaka leo imekaa chini kwenye mita 30 na pikipiki na malori yake tumboni. Mimi nilijifunza kupiga mbizi Diani, na nilipopata nafasi ya kwenda huko wiki moja nilidhani nitarudi na hadithi za papa. Papa niliwaona, na ni wazuri kweli. Lakini kilichonikaa akilini ni ule ubao.

Ubao wenyewe ni kitu cha kawaida sana. Una jina la kila mgeni, na mbele ya jina visanduku vya kuandika saa uliyoingia majini, saa uliyotoka, kina ulichofika na hewa iliyobaki kwenye mtungi. Anayeandika ni kiongozi wa mbizi. Kanuni yake ni moja na haina mjadala: hakuna anayejibu kwa niaba ya mwingine. Ukisema, "Huyo ameshatoka, nimemwona anakunywa chai," kiongozi hakusikii. Anataka amwone yeye, kwa macho yake, amesimama kwenye sitaha. Unahesabiwa ukiingia kwenye kiboti cha mpira, unahesabiwa ukirudi. Kwa siku sita, mbizi 20 hivi, nilihesabiwa kama mara 40. Sijawahi kuhesabiwa hivyo tangu nikiwa darasa la kwanza, mwalimu akisoma rejista.

Mwanzoni unaona ni usumbufu. Halafu unatoka majini siku moja mbali kidogo na wenzako, unatazama upande ambao boti inapaswa kuwa, na unaona mawimbi tu. Hapo unaelewa. Kichwa cha mtu juu ya maji si kikubwa kuliko nazi. Wimbi la mita moja linatosha kukificha. Mkondo wa kawaida tu unaweza kukuchukua kilomita moja na zaidi kwa saa moja, na wala huhisi kwamba unasafiri, kwa sababu maji yote yanayokuzunguka yanasafiri nawe. Na bahari yenye joto ina jambo lake. Bahari ya baridi inaua haraka. Hii ya kwetu na ile ya kwao inakupa muda. Umevaa jaketi lenye hewa, unaelea, maji ni ya uvuguvugu, unaweza kukaa hivyo saa nyingi ukiwa na akili zako timamu. Una muda wa kutosha wa kujiuliza kama kuna mtu anajua kwamba hupo.

Januari 1998, Wamarekani wawili, mume na mke, Tom na Eileen Lonergan, walipanda boti ya siku moja kwenda kupiga mbizi kwenye miamba ya Great Barrier, Australia. Boti iliondoka bila wao. Waliokuwa ndani waliamini hesabu imetimia. Siku mbili zilipita kabla ya mtu yeyote kushtuka, na kilichowashtua ni mkoba: vitu vya wale wawili vilikuwa bado botini, havina mwenyewe. Hawakupatikana tena. Nahodha alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, mahakama ikamwachilia. Baadaye sheria za Queensland zilikazwa kuhusu namna ya kuhesabu watu na kuandika hesabu hiyo.

Kinachonitisha katika kisa hicho si bahari, maana bahari ilifanya kazi yake tu. Kinachonitisha ni zile siku mbili. Boti ilirudi, ikaoshwa, ikabeba wageni wengine. Watu walikula, wakalala, wakaamka. Dunia nzima iliendelea vizuri kabisa na tundu la watu wawili ndani yake, na hakuna aliyesikia upepo ukipita kwenye tundu hilo.

Sasa, najua msomaji mmoja ameshakunja uso. Kuhesabu watu? Si ni mwiko huo? Na ni kweli. Kwetu shosho hakukubali uhesabu wajukuu wake. Ukianza kunyoosha kidole, mmoja, wawili, watatu, anakupiga mkono. Wazee wa Kikuyu wanasema mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi walikuwa tisa kamili, kenda mũiyũru, ilhali kila mtu anajua walikuwa kumi. Kutaja idadi kamili ya watoto ni kuita balaa. Jamii nyingi za hapa kwetu zina mwiko wa aina hiyo, kwa watu na hata kwa mifugo. Na katika Biblia, Mfalme Daudi anawahesabu watu wake na taifa zima linaadhibiwa kwa tauni.

Historia nayo iko upande wa shosho. Mara nyingi mtu mweusi wa nchi hii alipohesabiwa, alihesabiwa ili achukuliwe kitu. Zilihesabiwa nyumba, ikaja kodi ya nyumba. Wakahesabiwa wanaume, na kuanzia miaka ya 1920 kikaja kipande, karatasi ndani ya kikopo cha chuma, shingoni kama kengele ya ng'ombe. Hata leo makanga wa matatu anahesabu. Anatuita vichwa. "Bado mmoja twende! Bado mmoja!" Na wote tunajua huyo mmoja si mtu. Ni kiti kisicholipiwa. Ukishuka njiani ukaachwa na gari, hakuna atakayesema bado mmoja. Kiti chako kitapata kichwa kingine pale mbele.

Kwa hiyo mwenye pingamizi ana hoja. Namba inamvua mtu uso. Kuhesabiwa ni kugeuzwa gunia.

Lakini hebu tumtazame shosho kwa makini zaidi. Jioni chakula kikipakuliwa, alikuwa hahesabu watoto, lakini sahani moja ikibaki haijaguswa aliinuka. Alitoka nje akaita jina, na aliendelea kuita mpaka jina liitike. Mchungaji aliyekua na ng'ombe naye atakwambia hana haja ya namba. Anatazama kundi likiingia boma na anajua yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hayupo. Hawa si watu wasiohesabu. Wanahesabu kwa njia kali kuliko ya kwetu, kwa sababu wanachokitafuta si jumla, ni pengo.

Na Biblia hiyohiyo iliyomwadhibu Daudi inamsifu mchungaji mwenye kondoo 100 ambaye alijua mmoja amepotea. Alijuaje? Alihesabu, bana. Tofauti iko wapi basi? Daudi alihesabu wanaume wenye kushika upanga. Alitaka kujua ana nguvu kiasi gani. Mchungaji alihesabu ili ajue nani hayupo. Mmoja anahesabu alichonacho, mwingine anahesabu alichopoteza. Namba ni ileile, lakini vitendo ni viwili tofauti kabisa, na nadhani mwiko wa wazee wetu ulikuwa dhidi ya kile cha kwanza.

Namna ya kuvitofautisha ni rahisi. Uliza: hesabu isipotimia, nini kinatokea?

Jioni ya nne kwenye ile boti hesabu haikutimia. Tulikuwa tumetoka kwenye mbizi ya jua kuzama, watu wameshavua suti, harufu ya kuku wa kuchoma inatoka jikoni, nahodha anataka kung'oa nanga kwa sababu safari ya usiku ilikuwa ndefu. Kiongozi akasimama mbele ya ubao akasema jina la mama mmoja Mjerumani. Kimya. Akarudia. Mtu akasema alimwona. Mwingine akasema hakuingia majini kabisa, alikuwa na homa ya sikio. Kiongozi hakujibu. Alipiga filimbi. Injini ikazimwa, viboti viwili vikarudi majini na taa, na kijana mmoja akaanza kugonga milango ya vyumba vya chini mmoja baada ya mwingine. Ilichukua dakika chache. Mama alikuwa amelala chumbani, ana pamba masikioni, hakusikia kitu. Alipanda juu na nywele zimesimama, ameona aibu. Wageni wawili walinung'unika kwamba chakula kimepoa. Kiongozi hakumwomba msamaha mtu yeyote wala hakumkaripia yule mama. Aliandika alama kwenye sanduku lake, akaita jina lililofuata.

Hapo ndipo maneno ya makanga yalipogeuka kichwani mwangu. Bado mmoja. Kwenye stendi maneno hayo yana maana kwamba tunataka kuondoka na tunatafuta wa kutujazia gari. Kwenye sitaha ile yalikuwa na maana kwamba hatuondoki. Hesabu yenye maadili ndani yake ni hesabu inayoweza kusimamisha safari. Isipoweza kusimamisha safari, hiyo ni takwimu tu.

Lakini nisiifanye boti ile kuwa kanisa. Kuna mambo mawili yalinisumbua, na bado yananisumbua.

La kwanza ni pesa. Tulihesabiwa kwa sababu tulilipa. Wiki moja kwenye boti kama ile inagharimu zaidi ya mshahara wa mwezi wa Wakenya wengi. Je, uangalizi ulionunuliwa ni uangalizi? Nimeona kwamba swali hili lina mtego. Muuguzi analipwa, na bado mkono wake juu ya paji la uso wa mgonjwa ni mkono. Malipo hayaharibu kitendo. Kinachoharibika ni pale tunapoanza kuamini kwamba deni linatokana na malipo, kwamba asiyelipa hadai kuhesabiwa.

Na tumeshaanza kuamini hivyo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria, karibu kabisa na Mwanza. Orodha iliyokuwapo ilikuwa ya abiria wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, lile la bei nafuu, halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo, ukisoma taarifa mbalimbali, utakuta waliokufa ni karibu 900, utakuta 1,000, utakuta namba nyingine. Hebu fikiria maana ya jambo hilo. Kuna watu ambao kifo chao kimebaki kuwa kati ya namba moja na nyingine. Familia zao zinajua. Mama fulani alijua sahani ipi haikuguswa. Lakini meli haikujua, na bandari haikujua, na taifa lililolia kwa siku tatu za maombolezo lililia bila kujua linamlilia nani na nani. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara kwenye ziwa hilohilo, aliyekuwa akikata tiketi alikufa na mashine yake ikazama naye. Hesabu yote ya waliokuwa ndani ilikuwa kwenye ile mashine.

La pili lililonisumbua lilikuwa karibu zaidi. Kwenye ubao wetu kulikuwa na majina ya wageni na ya viongozi wawili. Majina ya wale vijana wa viboti hayakuwapo. Na wale ndio waliokaa nje kwenye mawimbi, kila mmoja peke yake kwenye kiboti chake, wakifuata mapovu yetu saa nzima huku sisi tukistarehe chini ambako kumetulia. Siku moja nilimuuliza kiongozi nani anawahesabu wao. Akasema nahodha anawajua. Huenda ni kweli. Huenda anawajua kama mchungaji anavyomjua yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda. Ila niliona tofauti. Mgeni ana maandishi, mfanyakazi ana kumbukumbu ya bosi. Siku mambo yakiharibika, maandishi yanaweza kupelekwa mahakamani. Kumbukumbu ya bosi huishia kwa bosi.

Kiswahili chenyewe kimenisaidia kufikiria jambo hili. Tuna neno mzamiaji. Ni mtu anayezama majini, anayeweza kuwa mimi na suti yangu ya kukodi. Lakini mzamiaji pia ni yule anayejificha kwenye meli kati ya mizigo ili avuke kwenda nchi za watu, asiye na tiketi, asiye na jina kwenye orodha. Neno moja, watu wawili, na wote wamo ndani ya maji. Mmoja amehesabiwa mara 40 kwa wiki. Mwingine maisha yake yanategemea kutohesabiwa, maana akihesabiwa atarudishwa.

Na hawa wawili wanatumia bahari ileile. Fuata Bahari ya Shamu kuelekea kusini, uipite Sudan, uipite Eritrea, utafika mlango wa Bab el-Mandeb. Hapo, kutoka ufuo wa Obock nchini Djibouti, Waethiopia wengi hupakiwa usiku kwenye mashua za magendo kwenda Yemen, wakiwa na nia ya kufika Saudia kutafuta kazi. Maji ni ya uvuguvugu hapo pia. Hapo pia kichwa cha mtu ni kama nazi. Lakini hakuna ubao. Mashua ikipinduka, idadi inatoka kwa manusura: tulikuwa kama wengi hivi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, lilianza kuandika vifo vya wahamiaji kama hawa baada ya ajali ya Lampedusa ya Oktoba 2013 iliyoua watu zaidi ya 360. Na ukisoma kumbukumbu zao utaona tena na tena makadirio. Ni kazi njema, na watu wanaoifanya nawaheshimu. Lakini ni hesabu inayofanywa baada ya boti kuondoka.

Mtu ataniambia: hao walijiingiza wenyewe, wasafirishaji wao ni wahalifu, unataka mhalifu aandike orodha? Hapana. Ninachosema ni kwamba yule asiyeandikwa popote hajapoteza haki ya kutafutwa. Novemba 2024 boti moja ya kulala, Sea Story, ilipinduka na kuzama usiku katika bahari hiyo, upande wa Misri. Siku iliyofuata wapiga mbizi waliwatoa watu 5 wakiwa hai ndani ya boti iliyopinduka, baada ya saa nyingi gizani. Walitafutwa kwa sababu kuna mahali ilijulikana kwamba hawajaonekana. Niliposoma habari ile nilifurahi kama watu wengine. Kisha nikajiuliza ni watu wangapi wamewahi kukaa ndani ya giza kama lile, wakigonga mbao kwa ngumi, na upande wa pili hakuna mtu kwa sababu hakuna aliyejua kwamba hesabu haijatimia.

Sina sera ya uhamiaji mfukoni, na sidhani insha ndiyo mahali pake. Nina jambo dogo zaidi. Kila siku watu maelfu kwa maelfu wanavuka Likoni kwa miguu, bure, bila jina kuandikwa. Kila Ijumaa mabasi ya usiku yanaokota abiria njiani ambao hawamo kwenye karatasi ya kondakta. Kila asubuhi vibarua wanapanda malori kwenda mjengoni na jioni lori linarudi, na sijui kama kuna anayetazama nyuma kuona kama waliopanda ndio walioshuka. Daftari ni bei ya mandazi machache. Kalamu ni bei ya ndizi. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama mlangoni akiwa tayari kuchukiwa na walio ndani kwa sababu chakula chao kinapoa, aseme jina mara ya pili, halafu mara ya tatu, na azime injini.